Gharama za tathmini za shuleni zisibebwe na walimu na wazazi

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi (Gredi 7 hadi 9) huku Kinango, Kaunti ya Kwale, Kenya, na nilifurahi kwa dhati KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tangu 1985 mtihani ule ulichukua masomo ya miaka minane ukayapima kwa siku tatu, na alama alizopata mtoto ndizo zilizoamua aende wapi. Siombi turudi huko. Nautaka huu mfumo mpya wa CBC, unaopima umahiri wa mtoto, ufaulu, na ndiyo sababu siwezi kunyamaza.

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, yalipotoka Desemba 2025, wazazi walinijia wakiuliza EE1 ni nini na BE2 ni nini. Niliwaeleza: kuna viwango vinane, cha juu ni EE1 chenye pointi 8 na cha chini ni BE2 chenye pointi 1, masomo ni tisa, kwa hiyo jumla haizidi 72. Hilo walilielewa upesi. Swali ambalo karibu hakuna aliyeuliza ni hili: alama hizo zimetoka wapi? Maana mtihani wa Gredi 9 wenyewe unabeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 inatoka kwenye KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi aliyofanya mtoto akiwa Gredi 6, na asilimia 20 nyingine ni ya tathmini zinazofanyiwa shuleni Gredi 7 na Gredi 8. Yaani mtoto anapoanza Gredi 9, asilimia 40 ya matokeo yake imeshaandikwa, na hana namna ya kuibadilisha.

Tukumbuke watoto hawa wa kwanza walipitia nini. Walikuwa Gredi 4 mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa miezi kwa sababu ya korona. Walifanya KPSEA ya kwanza kabisa Novemba 2022. Januari 2023 wakaingia Gredi 7 katika madarasa ya shule za msingi, mahali pengi wakimkuta mwalimu mmoja au wawili, na masomo wakati huo yalikuwa bado hayajapunguzwa kutoka 14. Mwaka 2024 walimu wanagenzi wakagoma wakidai ajira ya kudumu, nami nawaunga mkono mpaka leo. Katika hali hiyo hiyo ndimo zilimokusanywa alama za Gredi 7 na 8.

Sasa nieleze zinavyokusanywa, kwa sababu walio ofisini Nairobi huenda wanadhani ni jambo jepesi. KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, huweka karatasi za tathmini kwenye mtandao wake. Mwalimu anazipakua, anazitolea nakala, anawafanyisha watoto, anasahihisha, halafu anapakia alama za mtoto mmoja mmoja kwa kila somo. Shuleni kwetu stima hupotea tunapoihitaji zaidi, na printa iliyopo haina wino. Kwa hiyo ni kwenda saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, shilingi 5 kwa kila ukurasa. Karatasi ya kurasa nne kwa darasa la watoto 60 ni shilingi 1,200, na hilo ni somo moja. Bando la kupakia alama ni la mwalimu mwenyewe, usiku, mtandao ukiwa umepungua msongamano. Serikali imeahidi shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi, lakini mgao ukichelewa, na huchelewa, tathmini haingoji. Wazazi huombwa mchango. Asiyeweza kuchanga, mtoto wake hunakili maswali ubaoni, na michoro anaichora kwa kukisia.

Kinachoniumiza zaidi ni kazi za vitendo. Katika Sayansi Jumuishi tulipofundisha kutenganisha michanganyiko, tulichukua chumvi, mchanga, kitambaa cha leso na sufuria, na watoto wakafanya vizuri sana. Kuna msichana mmoja aliyenieleza hatua zote bila kuangalia daftari. Lakini kazi ilipotaka kila mtoto apime joto la maji kila baada ya dakika moja mpaka yachemke, tulikuwa na kipimajoto kimoja. Waliokaa mbele walisoma. Waliokaa nyuma walinakili namba za wenzao. Baadaye nilitakiwa kuandika kiwango cha umahiri cha kila mmoja katika jambo ambalo wengi hawakuligusa. Ningeandika nini? Nikiandika ukweli, nawahukumu watoto kwa kosa la kusoma shule isiyo na vifaa. Nikiwapa wote kiwango cha kuridhisha, alama hiyo haina maana, na mwalimu mwenzangu aliye mkweli zaidi yangu anawaumiza wanafunzi wake. Shule yenye maabara haina shida hii kabisa, na watoto wake wanashindania nafasi za Gredi 10 na watoto wangu. Msichana yule anataka mkondo wa sayansi.

Naiomba Wizara ya Elimu itenge fedha za tathmini za shuleni kando na mgao wa kawaida, zifike kabla karatasi hazijawekwa mtandaoni. Kama inawezekana kuchapisha na kusafirisha karatasi za KJSEA chini ya ulinzi hadi kila pembe ya nchi, haishindikani kufikisha karatasi za Gredi 7 na 8 katika ofisi za kaunti ndogo. Naiomba KNEC nayo itangaze wazi jinsi inavyosawazisha alama za shule zenye vifaa na zisizo navyo kabla ya kuziingiza katika ile asilimia 20. Na hadi hapo kila shule itakapopata seti ya vifaa vya sayansi, hata visanduku vya kubebeka vya kuzungushwa kati ya shule jirani, uzito wa kazi za vitendo upunguzwe.

Walio Gredi 8 sasa hivi watafanyiwa tathmini mwaka huu huu. Alama zao bado hazijaandikwa.

Mwalimu wa sekondari msingi,
Kinango, Kwale
(Naomba jina langu lisichapishwe.)