Pesa ya ng'ombe ije Juni, isingoje Oktoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu michango tunayowachangia wafugaji wadogo hapa Tabora mjini. Moyo wa kuchanga upo, na pesa haikosekani kabisa. Kasoro iko kwenye mwezi tunaochanga.

Oktoba iliyopita ujumbe ulizunguka kwenye simu zetu huku Ipuli: kuna mama mfugaji, ana ng'ombe watatu chotara wa maziwa na ndama, mmoja kalala chini hainuki. Watu wakatuma walichojaliwa, huyu elfu tano, yule elfu kumi. Yakanunuliwa mashudu ya pamba, ikanunuliwa pumba, na daktari wa mifugo akaitwa. Ng'ombe akafa vilevile. Mnyama aliyefikia hatua ile, hata umletee gunia zima, tumbo lake halina tena nguvu ya kulifanyia kazi.

Anayeishi huku anajua kalenda yetu. Mvua zikishakatika, majani ya porini yanakauka, na kufikia Agosti yaliyobaki ni vijiti. Tunangoja mvua mpya mpaka Novemba. Ng'ombe chotara wa kilo mia nne hivi anahitaji kama kilo kumi za malisho makavu kwa siku. Kwa miezi sita ya ukame hiyo ni karibu tani mbili kwa ng'ombe mmoja. Ukifunga majani kwa sanduku la mbao, robota moja likatoka kilo 15 hadi 20, mfugaji anatakiwa awe na marobota yapatayo mia moja ghalani kabla jua halijawa kali. Mia moja kwa kila ng'ombe. Nani kati ya wafugaji wetu wa mjini ana hata thelathini?

Na malisho yenyewe yapo, tena kwa wingi, ila kwa wiki chache. Mei na Juni watu wa wilaya za Uyui na Nzega wanang'oa karanga, wanavuna mahindi na mpunga. Majani ya karanga ni chakula kizuri sana cha ng'ombe, na wakati huo mkulima anakuachia kwa bei ya kutupa, mara nyingine anakwambia beba tu unipishe. Julai anawasha moto shamba lisafishike. Oktoba mzigo uleule, kama umebaki kwa mtu, unauzwa kwa bei ya kukomoa, na usafiri juu. Kwa hiyo laki moja ya Juni na laki moja ya Oktoba si pesa sawa.

Mwaka huu tumejipanga familia chache. Hatumpi mama yule msaada. Tunanunua maziwa yake kabla hayajakamuliwa. Tuseme lita ni shilingi 2,000 na familia inachukua lita moja kwa siku. Kwa siku 90 hiyo ni shilingi 180,000. Familia kumi zikilipa mara moja mwanzoni mwa Juni, mfugaji ana shilingi 1,800,000 mkononi wakati majani bado yako shambani. Umeme wa LUKU tunaulipia kabla ya kuutumia na hatulalamiki, sembuse maziwa ya jirani tunayemwona kila asubuhi. Anayechukua anatiwa alama kwenye daftari la miraba, anatia sahihi mwenyewe, basi. Asiyeweza kulipa ya siku 90 analipa ya 30.

Katika maongezi yetu ndugu mmoja alisimama na wazo la kumnunulia mama ng'ombe wa tatu. Wazo hili haliishi Tanzania. Tumezoea mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao umesaidia kaya nyingi, nami siudharau. Lakini nyumba iliyoshindwa kulisha watatu ukiirudishia wa tatu umeirudishia njaa. Pesa ya ng'ombe wa tatu ijenge banda la kuhifadhia majani, lenye paa lisilovuja na kichanja cha kuyainua yasiguse ardhi.

Hapo kwenye kuhifadhi nitakaa kidogo, maana ndipo wachangiaji tunapojifanya wajuzi. Wengine walitaka pesa isipite mikononi mwa mama, ilipwe moja kwa moja kwa muuza majani, eti kwa uwazi. Nilikwenda naye kwa muuzaji mmoja nikamwangalia. Alichomoa konzi ya majani ya karanga katikati ya mzigo, si juu, akayavunja, akayanusa, akayakung'uta kwenye kiganja kuona kama yanatoa vumbi jeupe la ukungu. Mzigo wa kwanza akaukataa, na ndio uliokuwa wa bei rahisi. Ukungu ule huja na sumukuvu, na sumu hiyo ng'ombe akiila hupita mpaka kwenye maziwa, ukichemsha haitoki. Sisi na uwazi wetu tungelipia mzigo ule na kudai risiti. Mwacheni mfugaji anunue, nasi tukague daftari.

(Kuchemsha ni lazima hata hivyo. Kuna brusela, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, na binadamu naye anaupata kwa maziwa mabichi. Kuna watu wazima mjini hapa bado wanasema maziwa ya moto hayana ladha.)

Jambo gumu kuliko yote ni kuwaeleza waliolipa kwamba kuna siku hawatapata kitu. Ng'ombe mwenye mimba anapaswa kukaushwa maziwa, yaani asikamuliwe, siku kama 60 kabla ya kuzaa, apumzike, kiwele kijiandae. Mfugaji anayebanwa na wateja anaendelea kumkamua mpaka wiki ya mwisho, na hasara yake inaonekana uzao unaofuata. Akishazaa, maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni ya ndama. Ndama asiponyonya dang'a ndani ya saa chache za mwanzo, kinga hana. Kisha kuna siku za dawa: ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki, maziwa yake hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye kichupa zitimie. Mfugaji anayedaiwa lita kumi na watu waliokwisha kulipa anajaribiwa sana kunyamaza kuhusu sindano. Ndiyo maana sisi tumeandika mapema kwamba siku za dawa na siku za kukausha hazihesabiki, zinasogezwa mbele, na hakuna anayeruhusiwa kumpigia mama simu kumuuliza kulikoni. Sharti hili lilitugharimu familia mbili zilizojitoa. Afadhali.

Je, ng'ombe akifa? Ndigana kali bado inaua, hasa hawa chotara. Kupe wachache tu, tezi zinavimba chini ya sikio, homa inapanda, mnyama anaanza kuhema kwa shida, na ukichelewa umempoteza. Kinga ni kuogesha kwa dawa ya kupe kila wiki na chanjo yake, ambayo ng'ombe akichanjwa inamlinda muda mrefu. Vyote ni pesa, na vyote viingie kwenye hesabu ya Juni pamoja na majani. Serikali nayo ilizindua mwaka 2025 kampeni ya kuchanja mifugo kwa ruzuku, ng'ombe shilingi 500 kwa chanjo ya homa ya mapafu, kwa hiyo hakuna sababu ya mfugaji wa mjini kukaa pembeni akidhani mambo hayo ni ya wenye makundi makubwa ya Igunga.

Lakini kifo kinaweza kuja pamoja na kinga zote. Wazee wetu wa Kinyamwezi na Kisukuma walilijua hili zamani. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi jirani baadhi amtunzie. Mtunzaji akanywa maziwa na kutumia samadi shambani, ndama wakabaki wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mtunzaji alipeleka habari upesi na ushahidi, ngozi au nyama, na maneno yakaishia hapo. Hakudaiwa ng'ombe mwingine kama hakuzembea. Sisi tumechukua utaratibu huohuo: akifa kwa ugonjwa na daktari akathibitisha, hasara tunaigawana na aliyelipa anasubiri ng'ombe aliyebaki. Akifa kwa njaa, hapo tutakaa kikao.

Kuhusu maji sina mengi. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike, bomba linatoka, ila ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 hadi 80 kwa siku, na bili inamfikia mfugaji kila mwezi kama sisi wengine. Tumeiweka kwenye bei ya lita.

Wapo watakaouliza kwa nini mama huyu asiende kuchukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Aende, na aliye na kikundi aende naye. Mkopo ule hauna riba na ni mzuri. Ila unatolewa kwa vikundi, una foleni na vikao vyake, na majani ya karanga hayasubiri kikao. Nikumbushe pia wenzetu wa mitaa mingine wanaotaka kuiga: mkishaanza kuweka akiba na kukopeshana ndani ya kikundi, mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kikundi kinatakiwa kisajiliwe kupitia halmashauri. Sisi tunalipia maziwa tu, hatukopeshani, na tumekubaliana tubaki hivyo.

Mhariri, ninalo ombi moja kwako. Msimu wa tumbaku magazeti hutuandikia bei za masoko, na mkulima akaamka akijua. Kuanzia sasa hadi mwisho wa Julai, tuandikie kila wiki bei ya mzigo wa majani ya karanga kutoka Uyui, bei ya gunia la mashudu ya pamba na la pumba hapa sokoni. Mistari mitatu inatosha. Wafugaji wadogo mjini hapa wananunua kwa kubahatisha, na wauzaji wanalijua hilo.

Wako msomaji,
Ipuli, Manispaa ya Tabora