Kwenu Mnaozunguka Mageti na Bahasha

Wanangu,

Marahaba, hata kwa wale ambao hamkuniamkia.

Nimestaafu uafisa utumishi katika kiwanda kimoja cha Barabara ya Nyerere hapa Dar es Salaam, ila mara moja moja hupita kupiga soga na waliobaki. Juzi nikiwa mapokezi akaingia kijana, shati limenyooka, bahasha ya kaki mkononi. "Samahani, naulizia kazi." Dada akamuuliza, kazi gani? "Yoyote."

Nikatamani kumfinya sikio. Nilipomdadisi nje, kumbe ana cheti cha VETA cha ufundi umeme! Na kiwanda kile hakipitishi wiki bila mota kugoma.

Hiyo "yoyote" mnaidhani unyenyekevu. Mwenye kazi anasikia kingine: huyu anataka mimi ndiye nimfikirie anafaa wapi. Hana muda huo. Sema: "Mimi ni fundi umeme, mazoezi nilifanyia kwenye pampu na mota. Naomba kuonana na msimamizi wa matengenezo." Afisa utumishi anajua nafasi zilizokwisha kupitishwa, msimamizi ndiye anayejua ya mwezi ujao, maana ndiye aliyeelemewa. Huna fani? Taja unachokiweza kweli: kupakia, kuhesabu mizigo, kuandika stakabadhi, zamu ya usiku. Hata kibarua ana anachokiweza zaidi ya mwenzake!

Mengine nayapitia tu. Mwamkieni mlinzi. Migahawani msiende saa saba watu wakiwa na njaa. Nendeni saa nne. Ijumaa mchana waacheni watu wakaswali. Barua ya "Meneja, Kampuni Husika" ichaneni. Namba mliyoandika iwe mnayopokea. Ukiambiwa urudi Jumatano, uliza jina la wa kuonana naye, liandike palepale, na Jumatano urudi. Wizarani msipeleke bahasha: kazi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupita kwenye mfumo wao wa intaneti. Mtaani Keko kwa maseremala, na eneo la Gerezani kwa mafundi, hakuna mapokezi wala msoma barua. Ulizia fundi mkuu, omba akuone ukishika kazi.

Nanyi wenzangu mlioshika viti, msicheke. Kibao cha "Hakuna Kazi" kimepauka getini, na ndani kila mara anaingia mpwa wa mtu. Mlinzi naye anataka ya soda ndipo barua ivuke meza. Mtoto akizungushwa hivyo mwaka mzima bila hata mmoja kumuuliza anajua nini, ataacha vipi kusema yoyote? Mjibuni basi. "Hatuna, jaribu mtaa wa pili" haigharimu kitu.

Mabinti zangu, ninyi ndio mnaoninyima usingizi. Mkubwa akikuambia kazi ipo, ila mkaongelee hotelini jioni, huo si usaili. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema kudai ngono ili kutoa ajira ni kosa la jinai. Usijadiliane naye, wala usione haya kana kwamba umekosa wewe. Tunza ujumbe wake kwenye simu, umwambie mtu wa nyumbani, kisha wapigie TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113. Ni bure.

Mzee wenu,
Temeke