Barua kwa mwanangu: izibe hiyo kamera

Mwanangu Atupele,

Salamu nyingi kutoka Mbeya. Hapa nyumbani hatujambo, mama yako kifua kimeshaachia, na baridi ya Julai ni ileile unayoijua. Nimefurahi kusikia umeipata ile kompyuta mpakato ya dada aliyemaliza chuo, na kwa bei uliyonitajia hukupunjwa. Ila kabla hujaizoea nina jambo. Kamera iliyo juu ya kioo naomba iwe imezimwa na kuzibwa wakati wote, ifunguliwe pale tu unapoamua mwenyewe kuonekana.

Fikiria chumba chenu. Mnalala wanne. Kompyuta inashinda wazi kitandani, leo mnaangalia tamthilia, kesho kuna kazi ya kikundi, na nyuma yako mwenzako anatoka kuoga. Mtu akiiwasha hiyo kamera kwa siri kutoka mbali, kwa mtandao, haoni wewe tu. Anawaona na wenzako, ambao hakuna aliyewauliza.

Kazi yangu hapa Mwanjelwa ni kuzifungua mashine hizi, kwa hiyo nikwambie kilichomo. Ukibandua fremu ya plastiki inayozunguka kioo, juu katikati utakuta kibao chembamba chenye lenzi isiyofika punje ya harage, kitaa pembeni yake, na mara nyingi maikrofoni nayo iko hapohapo. Waya mwembamba unashuka kupitia kwenye bawaba mpaka kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Kwa kompyuta nyingi kamera hiyo imeunganishwa kwa USB, njia ileile ya flashi. Maana yake programu yoyote iliyopata mamlaka juu ya kompyuta inaweza kuiita kamera, na kamera haiulizi anayeita ni nani.

Na programu hizo mbaya haziji kwa miujiza. Zinakuja na Office ya kukrakiwa, yaani ya wizi isiyolipiwa, na flashi iliyotoka kwenye stesheneri mlikochapisha kazi, na faili la kwenye grupu linalojiita mitihani ya miaka iliyopita. Hiyo yako tena imeshapita mikononi mwa mwingine. Kabla hujaweka chochote cha kwako, tafuta fundi mnayemwamini huko Iringa aipige Windows upya, yaani afute yote yaliyomo na kuiweka mpya. Usisubiri likizo ili nikupigie mimi.

Wateja wengi huniambia, "Fundi, si kuna kitaa? Kikiwaka nitaona." Kitaa kinasaidia, lakini usikiwekee imani yote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba kwenye MacBook na iMac, kompyuta za Apple, za kabla ya 2008 kamera iliweza kurekodi huku kitaa kimezimika. Na hata kikiwaka, mtu hudanganywa. Kwenye wilaya moja ya shule huko Pennsylvania, kompyuta walizogawiwa wanafunzi ziliwapiga picha wakiwa majumbani mwao. Kitaa kiliwaka na kuzimika, wakaambiwa ni hitilafu tu. Kesi ilifunguliwa 2010, na wilaya ikaishia kulipa dola 610,000. Hao walikuwa watoto, mwanangu, na waliowapa kompyuta ni watu wazima waliotakiwa kuwalinda. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Basi fanya hivi. Bofya kulia kwenye alama ya Windows, chagua Device Manager, fungua Cameras, kisha bofya kulia jina la kamera uchague Disable device. Hapo Zoom na kivinjari havitaifungua kwa bahati mbaya, lakini kirusi chenye mamlaka kinaweza kuiwasha tena. Imara zaidi ni kuizima kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta yenyewe inayofunguka kabla Windows haijawaka: zima kompyuta, iwashe huku unagonga F2 (nyingine ni F1, F10 au Delete), tafuta palipoandikwa kamera, weka Disabled, hifadhi. Ikizimwa huko, Windows yenyewe haiioni. Si kila mashine ina kipengele hicho, ndiyo maana juu ya yote nasema ziba lenzi. Hakuna programu inayoweza kubandua tepu.

Tumia tepu nyeusi ya umeme, ila kwanza kata kipande kidogo cha karatasi kikae juu ya lenzi ili gundi isiiguse. Naletewa kamera zenye ukungu kwa sababu ya plasta za vidonda. Vile vifuniko vinene vya kutelezesha sivipendi kwa mashine nyembamba. Apple wenyewe walionya 2020 kwamba kufunga MacBook ikiwa na kifuniko cha kamera kunaweza kuharibu kioo. Tena tepu haizuii sauti. Mkiwa na maongezi yenu, zima kompyuta kabisa.

Bibi yako wa Tukuyu akitaka kukuona Jumapili, bandua, muongee mpaka mchoke. Halafu ubandike tena.

Sasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Tangu 2018 zimeenea barua pepe zinazosema, "Nimekurekodi kwa kamera yako, nitumie bitcoin (pesa ya mtandaoni) la sivyo nawatumia ndugu zako." Mara nyingine ndani yake kuna nywila yako ya zamani, iliyovuja kwenye tovuti fulani, ili uamini. Nyingi ni vitisho vitupu, hawana picha yoyote. Lakini wapo wenye nazo kweli. Aliyekuwa Miss Teen USA, mrembo wa vijana wa Marekani, mwaka 2013 alitishiwa kwa picha zake, na alisema kitaa cha kompyuta yake hakikuwahi kuwaka. Hakumtii aliyemtisha, alitoa taarifa. Aliyemwingilia alikuwa amesoma naye shule moja, na mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Yakikufika hayo, saa yoyote ile, nipigie. Usitume hata mia. Usifute ujumbe, piga picha ya skrini, na ubadilishe nywila ukitumia kifaa kingine. Sitakuuliza ulikuwa umevaa nini wala ulikuwa na nani. Ukiona aibu kwangu, mwambie mama yako au shangazi yako wa Uyole. Tutakwenda polisi pamoja, maana kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Ibara ya 16 ya Katiba inakupa haki ya faragha, ukiwa bwenini sawa na ukiwa kwetu.

Wasomee na wenzako wa chumbani. Ukikwama kwenye BIOS, ipige skrini picha kwa simu, unitumie kwa WhatsApp jioni nikishafunga duka, nikuelekeze.

Baba yako
Mwanjelwa, Mbeya