Miaka 60 na Würzburg: Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Mwanza

Mstahiki Meya,

Salaam kutoka Mkuyuni. Mwaka 2026 jiji letu linatimiza miaka 60 ya undugu na jiji la Würzburg la Ujerumani, undugu ulioanza mwaka 1966. Sherehe za namna hii zina mambo yake: mabango, Bugobogobo, hotuba mbili tatu, sato wa kukaanga. Vyote vizuri. Lakini wageni wakishakaa mezani na kuuliza tunahitaji nini, naomba safari hii tusikimbilie kujibu. Mimi ninalo pendekezo, na nimeona niliandike hadharani kwa sababu si langu peke yangu: tuombe ushirikiano wa kuanzisha idara ya lugha za ukoo wa Kijerumani katika chuo kikuu kimojawapo cha hapa Mwanza. Kijerumani chenyewe, Kiholanzi, na lugha za Skandinavia kadiri mfuko utakavyoruhusu. (Ndugu zetu wengine, wa jiji la Tampere kule Finland, wataniwia radhi: Kifini hakimo katika ukoo huo, ingawa Kiswidi nacho ni lugha rasmi kwao.)

Mimi ni mwalimu wa Kijerumani. Nafundisha jioni katika chumba cha kupanga juu ya duka la dawa, na wengi wa wanafunzi wangu ni wauguzi. Wanataka cheti cha lugha cha kiwango cha B2, basi. Siwalaumu. Ujerumani ililegeza masharti ya kuwapokea wafanyakazi wenye ujuzi tangu Machi 2020, na majirani zetu Wakenya walisaini nao makubaliano ya ajira Septemba 2024. Kijana wa Mwanza akiona mlango uko wazi atapita, na mimi nitamsaidia kupita. Kinachonisumbua ni kwamba lugha nzima tumeifanya karatasi ya ubalozini. Mwanafunzi wangu anaweza kumuuliza mgonjwa kwa Kijerumani safi kama amepata choo, lakini hajui kwamba mji aliozaliwa una mafaili kwa mafaili yaliyoandikwa kwa lugha hiyohiyo.

Mafaili hayo yapo. Wajerumani waliweka boma Mwanza mwaka 1892 na wakatolewa na Waingereza mwaka 1916. Walikuwa watu wa kuandika kila kitu: kodi, kesi, pamba, magonjwa, ugomvi wa watemi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za utawala wao iliyobaki nchini imehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Dunia nzima imekubali kwamba ni hazina. Sasa jaribu kuzisoma. Nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo asiyefundishwa anauona kama nyayo za kuku. Cheti cha B2 hakikufikishi hapo. Kinachokufikisha ni miaka ya darasani na mwalimu aliyebobea, yaani idara.

Chukua mfano mmoja. Robert Koch, yule aliyetambulisha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Mwanza mwaka 1906 akitafuta tiba ya malale, kisha akavuka kwenda visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Huko wagonjwa walichomwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Ripoti zake alituma Berlin, kwa Kijerumani. Mwanafunzi wa udaktari pale hospitali ya Bugando angepaswa kuzisoma mwenyewe, akiwa na mwenzake wa idara ya lugha pembeni, badala ya kumngoja mtafiti aje kwa ndege kumsimulia habari za ziwa lake. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Nilimsikiliza kwa makini. Lakini msamaha ukishaombwa, mtu hubaki anataka kujua yote yaliyotendwa, na mengine yamelala ndani ya mafaili hayo.

Naomba nikueleze idara kama hiyo huwa na maisha gani, maana nimeishi ndani yake katika chuo kilicho mbali na hapa. Mchana ni sarufi na jasho. Jioni ndipo mambo huanza. Ijumaa tulisukuma meza pembeni tukaigiza, na aliyesahau maneno yake aliruhusiwa kumalizia kwa Kiswahili mradi asitoke kwenye uhusika. Kulikuwa na usiku wa mashairi, filamu zilizokwamakwama kila umeme ulipoyumba, na ubao wa matangazo uliogombaniwa na watu wa Kiholanzi na wa Kijerumani kama viwanja vya Nyegezi. Na kulikuwa na mabishano. Mhadhiri aliandika ubaoni kanuni ya sauti aliyoieleza Jacob Grimm mwaka 1822: penye p katika Kilatini, lugha za ukoo wa Kijerumani zina f. Piscis ya Kilatini ni Fisch kwa Mjerumani, fisk kwa Mswidi. Mwenzetu Msukuma aliyekaa nyuma akauliza kama Kiswahili na Kisukuma navyo vina mambo hayo. Vinayo! Sisi tunasema tatu, Msukuma anasema idatu, na t ile ya kwanza haikugeuka d kwa bahati. Kanuni yake inaitwa kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyeichunguza lugha ya Kinyamwezi. Darasa lile halikuisha kwa kengele.

Ndiyo maana siungani na wanaosema tushughulikie Kisukuma kwanza, Kijerumani baadaye. Hoja yao ni nzito kuliko ya wale wanaokikataa Kijerumani kwa kuwa ni lugha ya mkoloni (Kiingereza nacho kilitokea wapi?). Lakini kazi nyingi za mwanzo za isimu ya Kibantu, kuanzia Bleek hadi Meinhof, ziliandikwa na Wajerumani, nyingine kwa lugha yao. Anayetaka kuandika sarufi mpya ya Kisukuma atalazimika kubishana na wazee hao, na huwezi kubishana na mtu usiyemwelewa.

Na tusisahau Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na ikachapishwa miaka ya mwisho kabisa ya uhai wake. Alifariki mwaka 1981. Miaka ya 1990 Wajerumani walikuwa wanaisoma kwa lugha yao, katika juzuu mbili, kwa tafsiri ya Profesa Möhlig. Kuna vijana wangapi Nansio wanaolijua hilo? Kuziweka tafsiri hizo mbili juu ya meza moja na kuzipima sentensi kwa sentensi ni kazi ya shahada ya uzamili, na mahali pake ni hapa, mwendo wa kivuko tu kutoka alikozikwa mwandishi.

Najua, Mstahiki Meya, chuo kikuu hakiko chini yako. Programu huidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mitaala ni ya seneti za vyuo. Lakini undugu wa majiji uko mikononi mwako. Würzburg ni mji wa chuo kikuu. Ndiko Röntgen alikogundua eksirei mwaka 1895, na madaktari wa kule na wa Bugando wanafahamiana siku nyingi. Kwa hiyo hatuanzi na watu wageni. Unaweza kuwaita wakuu wa vyuo vyetu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kule Malimbe, mkae kabla wageni hawajafika, ombi liende likiwa moja.

Likienda, lisiwe la kuletewa wahadhiri wa mwaka mmoja mmoja wanaoondoka pindi wamezoea dagaa. Tuombe Watanzania wanne au watano wasomeshwe hadi uzamivu kwa sharti la kurudi kufundisha Mwanza. Tuombe nakala za kidijitali za mafaili yanayohusu kanda ya ziwa yaliyoko Berlin. Na wao walete wanafunzi wao wakae hapa muhula mzima wakijifunza Kiswahili na Kisukuma, walipie chumba Nyegezi na kupanda daladala kama sisi.

Rasimu ya mtaala wa mwaka wa kwanza ninayo, kurasa kumi na mbili. Asubuhi sina vipindi. Ofisi yako ikinipangia siku yoyote kabla ya saa sita, nitaileta mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kijerumani, Mkuyuni, Mwanza