Barua ya Wazi kwa Wauguzi Wanaohudumia Wagonjwa Majumbani

Wanangu wauguzi,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali jirani yangu, mzee aliyepooza, nikamkuta muuguzi mzoefu akimsafisha kidonda cha mgongoni huku mwanafunzi aliyefuatana naye akitazama. Simu ikaita. Muuguzi akaipokea kwa glavu zilezile, akazungumza, kisha vidole vilevile vikarudi kwenye kidonda. Walipokuja tena, mwanafunzi ndiye aliyefunga kidonda. Simu yake ilipoita, naye akaipokea vivyo hivyo.

Hilo la pili ndilo lililoniudhi zaidi. Wodini kosa lako huonwa na wenzako wa zamu, na daktari, hata na mgonjwa wa kitanda cha pili. Majumbani mwa watu uko peke yako, na mwanafunzi wako hana kipimo kingine ila mikono yako. Ukiagiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, ukaondoka bila kumwonyesha binti yake namna ya kumgeuza, mwanafunzi amejifunza kwamba kuagiza kunatosha. Ukimsema mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo, hilo nalo amelichukua. Mwamkieni mzee, mwambieni majina yenu, ombeni ruhusa kabla ya kumfunua shuka.

Mengine mnayajua: siri ya mgonjwa isitoke nyumbani mwake, picha ya kidonda isirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, miadi itimizwe, kumbukumbu ziandikwe siku hiyohiyo.

Watazameni wenzetu wa Uganda. Tangu mwaka 2004, wauguzi waliohitimu mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, wanaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa morfini, dawa kali ya maumivu, kazi ambayo katika nchi nyingi huachiwa daktari. Anayekabidhiwa dhamana hiyo ni lazima awe mtu anayekumbuka kumuuliza mgonjwa kama amepata choo, kwa kuwa dawa hiyo hufunga tumbo, na kukagua kiasi kilichobaki chupani.

Nanyi waajiri, lawama haiwapiti. Muuguzi anayejilipia nauli ya bodaboda na kuhesabiwa glavu kama peremende mnamsukuma mtegoni. Na ndugu wa mgonjwa, mnaojaa msibani ilhali hamkuwahi kumgeuza hata mara moja, msimwachie muuguzi na binti mmoja mzigo wote.

Wasimamizi, fuataneni na wauguzi hawa hadi majumbani, mkawatazame wakifanya kazi, badala ya kusaini daftari zao mkiwa ofisini.

Ni mimi mama yenu,
Muuguzi mstaafu