Umeshinda, lakini nusu tu

Moshi, Jumapili usiku

Kaka Elia,

Nianze na shikamoo, maana siku hizi umekuwa mkubwa, hata simu hupokei. Sisi wazima, hofu ni kwenu. Mama Tunu anakusalimu. Jogoo uliyetuachia bado anawika saa tisa usiku, na siku zake zinahesabika.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka Pasaka tulivyobishana mpaka ugali ukapoa? Wewe na Glenn Gould wako wa 1955, yule mpiga piano wa Kanada, akirekodi Goldberg Variations za mtunzi Bach ujanani; mimi na wangu wa 1981, yeye yule akizirekodi tena utu uzimani. Nikasema kijana yule wa 1955 anampeleka Bach kama bodaboda anayewahi abiria mwingine. Ukanuna, ukaaga mapema, na tangu siku hiyo kimya.

Basi jana umeme ulikatika saa mbili. Nikajilaza sebuleni gizani, simu kifuani, visikilizi masikioni, nikasema leo nipime kwa saa, nisipime kwa mdomo. Wimbo wa mwanzo, ule mama wa vipande vyote 30: kijana haufikishi dakika mbili, mtu mzima anapita tatu. Nikacheka peke yangu. Jumla nayo unaijua, dakika 38 kwa 51. Nikaona kesi imekwisha.

Haikwisha. Kwanza, zile 51 zilikuwa zikinidanganya. Mwaka 1981 mara kadhaa anarudia nusu ya kwanza ya kipande; 1955 harudii hata mara moja. Kwa hiyo si dakika zote zile za ziada ni za kupiga polepole, nyingine ni za kurudia tu. Hilo hukuniambia, au uliniambia nikiwa napiga kelele?

Pili, na hapa ndipo nilipoinuka nikakaa, kipande cha 25. Kile cha huzuni. Kijana wa miaka 22, huyo huyo bodaboda wangu, anakipiga polepole kuliko mzee! Amezidisha kama sekunde 25. Nikarudia mara nne nikidhani simu ina kasoro. Mara ya tano Mama Tunu akauliza kutoka chumbani, "Huyo mtu anayeguna humo anaumwa?" Nikamwambia ndivyo anavyopiga, anaguna na piano yake, amekalia kiti kifupi alichotengenezewa na baba yake. Akasema bora angelipwa aache kuguna.

Kwa hiyo nimekukosea, kaka. Subira anayo. Tena hapo anayo hata kupita kiasi. Mwenyewe ukubwani alikisema vibaya hicho cha 25 cha ujanani, kwamba kimejaa mbwembwe za piano. Mimi sikuona mbwembwe. Nilimwona mtoto aliyeachwa peke yake kwenye chumba kikubwa, na studio ile ya New York alikorekodia, kumbuka, ilikuwa kanisa zamani. Labda ni giza la jana. Sijui. Kesho nitasikiliza tena mchana, nikishashiba.

Ila usishangilie sana. Ule wimbo wa mwanzo anapourudia mwishoni, 1981, anauvuta kuliko hata alivyoufungua. Mtu wa miaka 48, na mwaka uliofuata akafa. Najua utasema nasikiliza kifo, sisikilizi muziki. Sawa, lakini nizibe masikio nisijue ninachokijua? Hapo sirudi nyuma, hata ukihamia Moshi.

Tunu kaanza kinanda, nimesahau kukuambia. Mwalimu wenu yule yule, fimbo ile ile.

Nina ombi. Hii ya simu imebanwa mno, sauti za chini zinasikika kama zimefungwa kwenye debe. Ile CD yako ya 1955, nitumie kwa basi la asubuhi, mpe kondakta, nami nitaipokea stendi. Nitairudisha. (Ile ya kwaya nitairudisha pia, usianze.)

Halafu nijibu: wewe kipande cha 25 ulikisikia hivyo tangu zamani ukaninyamazia? Ukipiga kinanda Jumapili, mkono wako unavuta au unakimbia? Shemeji amepona mgongo? Unakuja lini? Na jogoo nimchinje sasa au nikungoje?

Nduguyo wa sauti ya nne,
Baba Tunu