Kwa binti yangu anayegombea

Mama yangu,

Karatasi yako ya kampeni ya Baraza la Wawakilishi la jimbo letu la Maine imetufikia, na mama yako ameshaibandika kwenye friji. Nina neno juu yake. "Mtoto wa mkimbizi" umeiandika kwa herufi kubwa, halafu mambo unayotaka kufanya yamebanwa chini kabisa kama masharti ya dawa. Sikwambii ufiche Nyarugusu, kambi yetu ya wakimbizi kule Tanzania. Huko ulipanga foleni ya posho, kadi mkononi, na tulipofika hapa Marekani ndiwe uliyenisemea kwa daktari na kwa mwenye nyumba, mtoto wa darasa la nne. Lakini anayekupa kura kwa kukuhurumia ataichukua baada ya miaka 2. Sema yale ambayo maisha hayo yamekufundisha na mpinzani wako hayajui: mtu wa zamu ya usiku anarudije nyumbani kama hana gari, familia inaanzaje maisha ikiwa inadaiwa hata nauli ya ndege iliyoileta. Yetu tuliilipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu wa kufua mashuka hotelini.

Sasa hizo dola 5 unazowaomba watu. Nimecheka peke yangu. Kule kwetu Fizi, Kongo, mgombea huja na chumvi, sabuni na fulana zenye sura yake. Wewe unawaendea wazee wetu unaomba! Kuna walioniuliza kama umeishiwa. Nimewaeleza kwamba sheria hii wananchi wa Maine waliipitisha wenyewe kwa kura mwaka 1996: anayetaka Baraza la Wawakilishi akipata dola 5 kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lake, anaweza kugharamiwa kampeni kwa fedha za umma, asiende kuwapigia magoti matajiri. Bila hiyo, binti wa mfua mashuka angeanzia wapi? Ila kila mtoaji anasaini kwamba pesa ni yake. Kwa hiyo akitokea baba mdogo yeyote na noti za kugawa kanisani ili fomu zako zijae, mkatalie, hata akisema ametumwa na mimi.

Kinachoniuma ni kwamba wanaokupenda zaidi hawahesabiki katika hao 60. Wengi wa kwaya yetu bado si raia. Wewe uraia uliupata kupitia kwangu, nilipofaulu mtihani wa uraia kabla hujatimiza miaka 18, ndiyo maana ile miaka 5 ya uraia inayodaiwa na katiba ya Maine umeimaliza ungali kijana. Wapitie hao pia, keti, kunywa chai yao. Ila vibali vya kazi usiwaahidi. Anayeomba hifadhi anasubiri kibali siku 180 au zaidi kwa sheria ya serikali kuu ya Washington, na mjumbe wa bunge la jimbo kule Augusta hawezi kuzipunguza hata moja. Anachoweza kukipigia kura ni msaada wa pango na chakula wakati wanasubiri. Waeleze polepole, kwa Kiswahili, maana wakishaelewa vibaya ni mimi watakayenifuata mlangoni.

Matusi yatakuja. Safiya Khalid alipogombea udiwani hapa Lewiston mwaka 2019, akiwa na miaka 23, alitukanwa mitandaoni na watu ambao wengine hata hawaishi Maine. Alishinda. Mwaka 2022 Deqa Dhalac na Mana Abdi wakachaguliwa kwenda Augusta. Hao dada zetu Wasomali wamekutangulia. Watafute, uwaulize walilalaje usiku. Mimi kwa hilo sina ushauri, nina hasira tu, na hasira ya mzee haikufai kwenye kampeni.

Dola zangu 5 zipo tayari. Njoo na fomu Jumapili baada ya ibada nisaini mbele yako. Na siku hiyo usimletee mama yako unga wala sukari, watu wasije wakasema umetununua.

Baba yako